Yowe la Kondoo wa Bwana

Yowe lilipopigwa asubuhi ile nilikuwa nachuja pombe. Nikatupa chujio, nikatoka mbio. Kwetu mwizi akipigiwa yowe, kijiji kizima hukimbia na kupayuka, na atakayebaki nyumbani anatozwa faini. Mwizi akishikwa na mali mkononi hana kesi: kamba, mti, basi. Enzi za babu yangu walau alibebeshwa chuma cha moto, Mungu akaamua: kidonda kikipona vizuri, hana hatia. Mapadri walipokatazwa kukibariki kile chuma, ikabaki kamba.

"Kaiba nini?" nikamuuliza Ranulf, msimamizi wa shamba la bwana mwenye ardhi yetu, aliyekuwa anahema kando yangu na kamba begani.

"Kondoo. Yule dume wa bwana mwenyewe."

Kugeuka hivi, namwona nani? Hamo, mume wangu, kajifunika joho zito jua lote lile, mgongo umefura, anapayuka kuliko wote: "Mkamateni! Msimwache!" Angefanyaje? Yowe lilimkuta njiani, na asiyekimbia ndiye hutiliwa shaka.

"Hamo, joho la nini leo?" akauliza Ranulf.

"Baridi yabisi, bwana."

"Na hicho kibyongo?"

"Cha ukoo."

Joho likalia mee. Nikapiga kigelegele. Likalia tena, nikapiga tena. Wanawake wenzangu, sijui walidhani nini, wakaitikia, ikawa kama tunamsindikiza bibi harusi. Nacheka, machozi yananitoka, na huku naiona shingo ya mume wangu kitanzini.

"Kibyongo chako kinapiga mateke," Ranulf akasema, akanyoosha mkono.

Tulikuwa darajani, karibu na kinu cha maji. Sikufikiri. Nikamsukuma Hamo mtoni kwa nguvu zangu zote.

Joho likaenda na maji. Kondoo akaibuka anaogelea, na Hamo, asiyejua kuogelea, kamng'ang'ania shingo.

"Jamani," nikasema, "mume wangu kamrukia kondoo wa bwana, anamwokoa."

Ranulf akaniangalia. Akaiangalia kamba begani mwake.

"Mwizi kamtupa mtoni, kakimbia," akatangaza. "Hamo kamwokoa. Mvuteni." Kisha akaninong'oneza: "Shemeji, mwambie aridhike na uji."

Walipomtoa Hamo nikamzaba kibao. Nikamkumbatia, kisha nikakaa kwenye tope nikilia.