Nukta ya Ibara ya Tisa

Usiku wa kuamkia leo niliota, na kabla hamjasema ni shibe, nililala na chai ya rangi tu. Niliota niko ofisini. Nilikereka palepale. Mtu unashinda kazini kutwa nzima, halafu usingizi nao unakurudisha kwenye kiti kilekile chenye msumari.

Mimi ni Afisa Mtendaji wa Mtaa wa Kisima Kimoja, jina langu Lugano. Kazi yangu kubwa ni kuandika barua za utambulisho. Unataka kufungua akaunti benki, unakuja kwangu. Unataka kumdhamini ndugu yako mahakamani, unakuja kwangu. Asiye na barua yangu yupo, sibishi, ila hatambuliki.

Basi naota ni asubuhi, jua linapenya kwenye matundu ya bati, na kwenye benchi la wateja amekaa Ibara.

Hana uso. Ni mistari miwili ya maandishi meusi iliyokaa wima, mstari wa juu umevaa kofia ya sufu, na mwishoni kabisa pana nukta moja ndogo. Namsoma kama unavyosoma kibao cha duka: *Hakuna mtu atakayekamatwa wala kuwekwa kizuizini ovyo.* Nukta.

"Shikamoo, Mtendaji," anasema.

Kwa umri amenizidi mbali, lakini naitikia marahaba. Ofisi ni ofisi.

"Jina?"

"Ibara ya Tisa."

"Ukoo?"

"Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa."

"Refu mno, haliingii kwenye kisanduku. Unaishi wapi?"

"Nilizaliwa ng'ambo. Nchi yenu ikaniridhia, wakubwa wakasimama wakapiga makofi. Tangu siku hiyo nalala kwenye kabati la wizara, rafu ya tatu."

"Hilo kabati liko mtaa gani?"

"Sikuelezwa."

"Mjumbe wako wa nyumba kumi ni nani?"

"Kabatini hatuna mjumbe. Kuna mende tu."

Nilimwonea huruma, lakini fomu haina sehemu ya kujaza huruma. Nikamuuliza shida yake.

"Nina kazi ya dakika tano kituo cha polisi," akasema. "Nimefika kaunta, wakanisoma, wakasema maneno yangu mazuri sana, ila mahabusu siingii bila barua ya mtaa. Kuna mama humo ndani, anaitwa Tupokigwe."

Hapo nikaanza kupanga kalamu zangu upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Tupokigwe huuza vitumbua karibu na kisima chetu. Kwenye mkutano wa hadhara alinyanyua mkono, akauliza kwa nini ufunguo wa kisima cha mtaa unalala nyumbani kwa diwani. Ni hilo tu. Jioni yake akachukuliwa, wakasema amevuruga mkutano. Hakimu naye akasema dhamana iko wazi, aletwe mdhamini mwenye barua ya mtaa. Asipopatikana hadi Ijumaa saa nne asubuhi, mama huyo anapelekwa gereza la mkoa kusubiri kesi. Kaka yake Anyisile, fundi baiskeli, akanijia Jumanne na mtoto wa dada yake mgongoni, amemfunga kwa kanga. Diwani alikuwa ameshanipigia simu: "Mtendaji, hiyo barua isiwe na haraka." Nikamwambia Anyisile aje kesho. Jumatano nikamwambia aje kesho. Alhamisi, yaani jana, nikamwambia aje kesho. Naomba ieleweke, sikumkatalia mtu.

Turudi ndotoni. Ibara akakohoa, kikohozi cha vumbi la kabatini, na nukta yake ikadondoka. Ikabingirika hadi kwenye kiatu changu. Nikaiokota, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

"Hiyo ni yangu," akasema.

"Kilichookotwa ofisini ni mali ya ofisi. Utaidai kwa barua."

"Mtendaji, tafadhali. Nikikaa bila nukta, watu wananiongezea."

"Wanakuongezea nini?"

Hakuhitaji kunijibu. Pale mwishoni, ilipotoka nukta, maneno mapya yalikuwa yanachipua: *isipokuwa pale ambapo*. Halafu: *kwa kadiri itakavyoonekana*. Mkia ulikuwa unarefuka huku namwangalia, ukapita chini ya benchi ukaelekea mlangoni. Nikaona mambo yanataka kunizidi, nikamwambia lile neno langu.

"Njoo kesho."

Sijafunga mdomo, ukuta wa nyuma ukafunguka, nikajikuta nimefika Kesho.

Kesho ni ukumbi. Una mabenchi kama kanisani, na mabenchi yamejaa watu wote niliowahi kuwaambia waje kesho. Miaka kumi na moja ya kazi, jamani. Wamekaa kimya, kila mmoja na bahasha yake. Waliponiona walisimama kwa pamoja.

"Shikamoo, Mtendaji. Tumekuja, kama ulivyosema."

Mbele kabisa nikamwona Mzee Mwaikambo, aliyetaka barua ya kwenda kutibiwa hospitali ya rufaa.

"Mzee," nikamnong'oneza, "wewe si tulikuzika?"

"Mlinizika, ndiyo, tena mlinizika vizuri. Lakini uliniambia nije."

Nikapita harakaharaka hadi meza ya mbele, na kwenye kiti changu nikakuta amekaa muhuri wangu, amevaa koti langu.

"Foleni," muhuri akasema.

"Acha mzaha. Mimi ndiye Mtendaji."

"Wote wanasema hivyo. Barua ya utambulisho?"

"Hizo barua naziandika mimi!"

"Basi njoo kesho."

"Hapa si ndiyo Kesho?"

"Njoo kesho yake."

Nilipandwa na hasira. Mimi, miaka kumi na moja, naulizwa barua na kipande cha mpira! Nikamwambia haki yangu naijua, nitamshtaki kwenye mahakama ya dunia. Muhuri akanyoosha kidole kuelekea mlango wa pembeni. Sikujua kama ana kidole.

Natoka nje, mahakama ya dunia ipo kwenye uwanja wa mpira wa shule. Wamefunga turubai la msiba, na majaji watatu wenye majoho wanakunywa uji wa ulezi.

"Nimekuja kulalamika," nasema. "Ninanyimwa barua."

Jaji wa katikati, mama mmoja mwenye miwani, anafuta mdomo.

"Pole sana, baba. Umemaliza njia za ndani?"

"Njia zipi?"

"Utaratibu ni kwamba kabla hujafika kwetu, umalize kwanza njia zote za ndani ya nchi yako. Nenda ukazimalize."

"Zote?"

"Tutakuwekea uji."

Basi natembea. Natembea njia ya kata, naimaliza. Natembea njia ya wilaya, ya mkoa, ya wizara, ambako nalikuta lile kabati, na rafu ya tatu imebonyea pale alipokuwa analala Ibara. Napita Bungeni, nakuta wanajadili kama mimi natembea au naonekana tu kutembea. Hoja inaahirishwa, napita. Kila njia ninayoimaliza inajikunja nyuma yangu kama mkeka, naibeba begani. Na kote nilikouliza, jibu ni moja: "Suala hili linaanzia mtaani kwako."

Njia ya mwisho ni nyembamba. Inapita nyuma ya banda la nguruwe la jirani yangu, inakata migomba, inaingia mlango ninaoujua, na inakomea kwenye meza.

Mama jaji alikuwa amenifuata na kikombe chake.

"Hii haijaisha," akasema. "Imezibwa na meza. Meza ya nani hii?"

Akainama, akasoma namba ya mali ya ofisi iliyopakwa rangi ubavuni mwa meza, akasoma na jina la mhusika chini yake. Kisha akanywa uji.

"Ni yako, baba."

Niliisukuma meza ile. Ilikuwa nzito kuliko siku zote. Chini yake palikuwa na mlango wa chuma, na nyuma ya mlango alikuwa Tupokigwe, amekaa sakafuni, kanga mabegani.

"Karibu, Mtendaji," akasema. "Ningekupa kiti, ila ndio hivyo."

"Habari za humu?"

"Za humu unazijua. Mwanangu anakula?"

"Sijui."

"Umemwona lakini?"

"Nimemwona. Mgongoni kwa mjomba wake. Alikuwa amelala."

"Ulimwona mara moja?"

"Mara tatu. Zote amelala."

"Mara tatu," akarudia, taratibu, kama mtu anayepokea salamu. Hakuninunia. Ningeshukuru aninunie. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, masikio yakawaka moto, nikatamani yule muhuri aje anifukuze.

Ndipo nikamsikia Ibara anakuja. Alikuwa amekuwa mrefu kupita kiasi. Kichwa kilifika mlango wa mahabusu na kofia yake ya sufu, lakini mkia ulikuwa bado uko kaunta, unapita barabarani, unazunguka uwanja wa mpira: *isipokuwa kuwe na mkutano, isipokuwa iulizwe habari ya kisima, isipokuwa diwani hajapendezwa, isipokuwa, isipokuwa*. Alijaribu kupita mlangoni akakwama. Mwanzo wake bado ulikuwa unasomeka vizuri, *hakuna mtu atakayekamatwa*, lakini nani angesimama asome hadi mwisho.

"Mtendaji," akasema, na sauti ilikuwa imechoka. "Nukta yangu."

Natia mkono mfukoni. Mfuko umekuwa wa kina, mkono unazama hadi kiwiko, hadi bega. Nagusa kalamu, nagusa njia zote nilizozikunja, nagusa kitu kama simu inayotetemeka. Kengele ya mahakama inalia. Tupokigwe anajifunga kanga vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari asiyoitaka.

"Ngoja!" napiga kelele. "Ngoja, ninayo! Ninayo hapa!"

"Una nini?" akauliza mke wangu.

Ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, siku ya Ijumaa, na Sekela alikuwa ameniinamia. "Unapiga kelele kama umeibiwa. Na hicho ulichokishika ni nini?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, umekaza hadi vidole vimekufa ganzi. Akanifungua kidole kimoja kimoja. Katikati ya kiganja palikuwa na kitu cheusi, cha mviringo, kidogo.

"Pilipili manga," akasema. Akainusa. Akaibonyeza kwa ukucha. "Hii si pilipili, Lugano. Umeitoa wapi?"

Nikamwambia nimeiokota ofisini. Sikusema uongo.

Sikunywa chai. Saa moja nilikuwa nafungua ofisi, na Anyisile alikuwa ameshafika, amesimama karibu na baiskeli yake, mtoto mgongoni. Amelala.

"Shikamoo, Mtendaji. Nilikuwa napita tu, nikasema niulize." Macho yake yalikuwa chini, kwenye viatu vyangu. "Au nije kesho?"

"Kesho nimetoka huko," nikamwambia. "Pamejaa. Ingia ukae."

Hakunielewa, lakini aliingia. Nikavuta karatasi. Nikaandika kwamba Anyisile ni mkazi halali wa Mtaa wa Kisima Kimoja, kwamba namfahamu, kwamba anafaa kumdhamini dada yake. Simu ikaanza kutetemeka mezani, jina la diwani limeandikwa waziwazi kwenye kioo. Nikaiacha. Ikatetemeka hadi ukingoni mwa meza, ikaanguka, ikaendelea kutetemeka huko chini. Anyisile akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Simu yako, Mtendaji."

"Naisikia."

Nikagonga muhuri, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida, maana nilikuwa bado na kinyongo naye. Anyisile akanyoosha mkono.

"Subiri," nikasema.

Ile nukta nilikuwa nimeifunga kwenye leso. Nikaifungua, nikaichukua kwa ncha za vidole, nikaiweka mwisho wa sentensi ya mwisho. Ilikaa palepale. Nikaipuliza, haikuondoka. Nikaikwangua kwa kucha, haikuondoka.

"Chukua, kimbia. Ni saa mbili kasoro. Mtoto niachie, utaendesha vizuri zaidi."

Alisita, kisha akafungua kanga akanikabidhi. Nilimsikia akikanyaga pedali nje, mnyororo ukilia kwa kukosa grisi, fundi mwenyewe.

Mtoto aliamka kabla ya saa tatu. Ni wa kike, wa mwaka mmoja na nusu, na kumbe ana macho makubwa. Hakulia. Alinikalia mapajani, kwenye kile kiti chenye msumari, akachezea kofia ya kalamu, na kila aliyeingia kutaka barua nilimwandikia kwa mkono mmoja. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nilikuwa naangalia mlango kuliko nilivyoangalia karatasi, na kusema kweli niliogopa.

Saa sita na robo mtu akapiga hodi nje, sauti ya kike, imekauka.

Sikuwahi kusema karibu. Mtoto alikuwa ameshashuka mapajani, anakimbilia mlangoni. Hakumuuliza mama yake barua.