Kalamu ya Wino ya Apolline

"Nani aliandika hili?"

Maneno hayo yalikuwa pembezoni mwa shairi, kwa wino mwekundu. Ségolène Vachet aliyasoma akiwa amesimama jikoni, koti bado mwilini. Akayasoma tena, damu ikamchemka.

Aliyeandika alikuwa binti yake Apolline, kwenye meza hiyo hiyo ya jikoni, ulimi nje, karibu Jumapili nzima. Herufi zilishikana tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, hakuna iliyoruka wala kulala. Katika darasa la Madamu Courtial, mtoto akishaweza mwandiko wa namna hiyo huitwa mbele, akapigiwa makofi na kukabidhiwa kalamu ya wino. Wenzake wote walikwisha kupewa. Aliyebaki na penseli ni Apolline peke yake, mtoto wa miaka saba, mashoto, na sasa anaitwa mwongo juu yake.

Kesho yake, masomo yalipokwisha, Ségolène aliingia darasani amemshika mtoto mkono.

"Karibu, Mama Apolline," Madamu akasema. "Najua ulitaka kumsaidia. Wazazi wengi huteleza hapo."

"Sikumsaidia."

"Hapa shuleni anaandika hivi." Alifungua daftari la darasani. Kurasa zilikuwa zimepakazwa weusi wa penseli, herufi zinaangukiana. "Mtoto mmoja hawezi kuwa na mikono miwili."

"Miwili anayo, Madamu. Darasa lako ndilo linalojua mmoja tu."

Ségolène akaonyesha meza. Juu ya kila meza Madamu alikuwa amebandika utepe wa kuonyesha daftari likae vipi, limeinamia kushoto, sawa kabisa kwa anayetumia mkono wa kulia. Mashoto akifuata utepe huo hukunja kifundo cha mkono mpaka kimuume, na kiganja kinafuta kile alichokwisha kuandika. Nyumbani Apolline aligeuza daftari upande wa pili, basi. Ni jambo dogo la kugeuza karatasi, na mwaka mzima mtoto wa watu ameitwa mchafu na mzembe kwa ajili yake.

"Utepe ni wa wote," Madamu akasema kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi. "Nikimgeuzia huyu, kesho kila mmoja atakaa apendavyo."

Apolline akamvuta mama yake mkono wa koti, akamnong'oneza, "Mama, sema tu ni wewe. Madamu alisema nikikiri nitapewa kalamu."

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo humu. Ukisema kweli unabaki na penseli, ukidanganya unapigiwa makofi. Ségolène alitamani kung'oa tepe zote kwa kucha zake. Badala yake akaenda ubaoni, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, maana naye ni mashoto.

"Shairi lako linaanzaje, mwanangu?"

"Theluji imelala juu ya paa," Apolline akasema taratibu.

Ségolène akaandika, na kuunganisha herufi kama inavyotakiwa. Barua zote za shule huandikwa na mumewe, yeye huweka sahihi tu, na kazini hujaza kila kitu kwa herufi kubwa asije akachekwa. Mstari ulipanda kama unakimbia kitu. Herufi zilipandana, nyingine hazikusomeka kabisa, na mkono wa koti ukafuta nusu ya neno la kwanza.

"Hivi ndivyo ninavyoandika mimi," akasema, uso ukimwaka. "Haya, linganisha."

Madamu Courtial alitazama ubao, akatazama shairi. Wekundu ukampanda shingoni. Hakuomba radhi. Alifungua droo, akatoa kalamu ya wino mpya, akaiweka mbele ya Apolline, juu ya utepe ule ule.

Apolline hakuigusa. Alikuwa bado anautazama ubao, kwa maana hajawahi kuuona mwandiko wa mama yake.

"Mama, wewe kalamu yako walikupa lini?"

Ségolène akajipangusa chaki kwenye sketi.

"Hawakunipa," akasema.