Mizunguko Kumi na Mita Mia

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumamosi ya Februari 18, 1995, sakafu ya ghala la pamba mjini Bariadi ilikuwa kavu. Uwanja wa shule ulikuwa na maji hadi vifundoni. Ndiyo maana mchujo wa mita 1500 ulihamia ndani.

Wazo lilikuwa langu. Tangu 1988 nafuatilia msimu wa riadha ya ndani kwa redio ya masafa mafupi, Januari hadi Machi, na matokeo yote nayanakili daftarini. Mjini watu hunicheka: mwalimu wa hesabu anashabikia watu wanaokimbia ndani ya nyumba. Lakini ghala lilikuwa tupu. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, ushirika haukuwa na pamba ya kuhifadhi, na Hanif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alishalikodi aweke saruji. Lori lake lingefika saa kumi na moja kutoka stesheni ya Malampaka. Hadi hapo ghala lilikuwa letu.

Nilichora njia kwa chaki, mzunguko mmoja mita 140. Mita 1500 ni mizunguko kumi na mita mia, kwa hiyo mahali pa kuanzia palikuwa mita mia kabla ya mstari wa kumalizia.

Josia, afisa michezo kutoka mkoani Shinyanga, alikuja na fomu, muhuri, na nafasi moja ya kambi ya vijana Mwanza. Sharti: chini ya dakika nne na sekunde hamsini. Nyanjige, binti wa wafugaji wa Sapiwi, angetimiza miaka ishirini mwezi Machi, na kambi haikupokea wa ishirini. Kwake hapakuwa na mwaka ujao.

Kengele alipewa Thomasi. Kwa miaka ishirini na mbili alihesabu magunia ya pamba mlangoni mwa ghala hilohilo. Nilimwambia, “Mizunguko kumi.”

Walianza saa tisa na nusu, wasichana wanane, pekupeku. Goodness aliongoza. Nyanjige alimpita kwa nje kwenye kona mara tatu, na mara mbili Goodness akarudi mbele. Kila walipovuka mstari niliandika muda. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia nilitazama daftari. Palikuwa na namba tisa. Zilipaswa kuwa kumi.

“Bado!” nilipiga kelele. Hakuna aliyesikia. Nyanjige alimaliza wa kwanza, akaanguka kifudifudi.

“Nne, ishirini na nne nukta sita!” Josia alisema. “Mwalimu Violeth, umetuokotea almasi!”

“Wamekimbia mita 1360.”

Thomasi alinigeukia. “Mayu, mama yangu, mimi nahesabu tangu hujaanza shule. Zimepita kumi.”

“Ya kwanza ilikuwa mita mia tu, si mzunguko.”

“Imepita au haikupita?”

“Imepita.”

“Basi ni moja. Gunia likipita mlangoni ni moja, liwe limejaa, liwe nusu.”

Josia alinisogeza kando. “Fomu haiulizi habari za magunia,” alisema taratibu. “Inauliza muda. Ninao.”

Nilipiga hesabu mbele yake. Kwa mwendo ule, mita 1500 zingechukua 4:51.8. Nyanjige alikuwa ameinuka, anasikiliza.

“Kwa hiyo nimeshindwa, mwalimu?”

“Hujakimbia bado.”

Josia alifunga kalamu. “Saa kumi na dakika hamsini. Ikifika hajaanza, naondoka.”

Wengine walikataa kurudia; Goodness alikuwa amechubuka nyayo. Nyanjige alikaa ukutani akinywa maji. Nilimwambia nilichokuwa na uhakika nacho tu: “Kila ulipompita mtu konani kwa nje ulikimbia mita tatu za bure. Ulipita mara tatu. Ni karibu sekunde mbili. Sasa uko peke yako. Usiache chaki.”

“Nikitoa hizo mbili?”

“Unafika nne na hamsini kamili.”

“Na sharti ni chini yake.”

“Ndiyo.”

Lori liliwahi, saa kumi na dakika arobaini. Dereva, Athumani, alipiga honi bila kuachia.

“Fungueni! Nimefunga, futari yangu iko nyumbani, nyie mnazunguka humo kama kuku anayetafuta mlango!”

“Dakika tano, kaka,” nilimjibu.

“Saruji ikinyeshewa utamjibu Hanif wewe!” Lakini alizima injini, akaja kusimama mlangoni.

Saa kumi na dakika arobaini na sita Nyanjige alianza. Nilimsomea muda kila alipovuka mstari. Kila mzunguko ulihitaji sekunde ishirini na saba. Wa tano ulikuwa 27.1. Wa saba, 27.3. Athumani alikuwa ameacha kulalamika. Thomasi alishika kengele kwa mikono miwili, na safari hii alinitazama mimi kwanza. Niliinua vidole kumi. Akapiga.

“Nne, ishirini na tatu kamili!” nilimwambia Nyanjige akipita. Tangu mzunguko wa tatu hakuwa amekwenda chini ya ishirini na saba hata mara moja.

“Kimbia, ng'wanone, kimbia mwanangu!” Thomasi alipaza sauti. “Bado moja, na hii imejaa!”

Aliingia kona ya mwisho mguu wa kushoto ukigusa chaki. Akavuka mstari, akaushika ukuta.

Saa ya Josia: 4:49.3. Yangu: 4:49.4. Zikiwa mbili, huandikwa iliyo kubwa. Josia aliitazama yangu, akaandika 4:49.4, akapiga muhuri.