Magunia Yaliyopigwa Bandi

Tangu tumzike Shangazi, kila anayekuja kutupa pole anasema marehemu alikuwa mpole. Naitikia kwa kichwa, maana msibani hakubishaniwi. Lakini hakuwa mpole. Alikuwa na sauti ndogo, basi, na watu huchanganya hayo mawili. Naandika haya kabla na mimi sijaanza kuchanganya.

Alikuwa fundi cherehani. Nilikaa naye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na cherehani yetu ilikuwa barazani. Mwaka ule wa homa, mume wake ndiye aliyetangulia kufa pale mtaani. Walikuwa na paka waliyemwita Karani, kwa sababu alipenda kukalia karatasi za vipimo kama anayezikagua. Karani alilala miguuni pa mgonjwa mpaka mwisho. Watu waliona, na baada ya mazishi maneno yakaanza: homa inatoka kwa paka.

Hakuna daktari aliyesema hivyo. Alisema Redio, jirani yetu wa nyumba ya pili, tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzimia.

Mwenye nyumba alikuja na kitambaa puani, akasimama getini. "Jumamosi paka wote watoke. Nimekodi pikapu, itawatupa kule machimbo ya zamani. Atakayebaki na paka, atatoka naye."

Dereva wa pikapu alikuwa na sharti lake. Mtaa wa jirani walimpakilia magunia yaliyofungwa kamba, paka mmoja akachomoka njiani na kumparura shingo. "Safari hii yashonwe midomo," alisema. "Mimi nina watoto."

Ndiyo maana asubuhi ya Jumamosi walipanga foleni kwetu, kila mtu na gunia lake linaloruka na kulia. Nilidhani Shangazi atawafukuza. Akavuta kigoda, akakaa.

"Leteni."

"Shangazi," nilinong'ona, "unashona paka?"

"Nipe uzi."

Nikampa ile sindano nene ya magunia na uzi wa katani. Akavirudisha.

"Si huo. Ule mweupe, wa bandi."

Bandi ni mshono mrefu wa kushikizia nguo kabla haijapita kwenye cherehani. Ukivuta ncha moja, wote unafumuka. Nilimtazama. Hakuinua macho.

"Nikikataa wataenda kwa fundi viatu," alisema chini chini. "Na yule anashona kwa nailoni."

Basi akapiga bandi, gunia baada ya gunia. Mtu alikuwa akiweka lake miguuni pake na kurudi nyuma mbio, mkono mdomoni. Hata mmoja hakusogea kuangalia kazi. Watu hao hao, ukiwashonea shati, walikuwa wakihesabu vifungo mara mbili. Mama Pacha alilia waziwazi, maana paka wake alikuwa akila naye sahani moja.

"Unalia nini?" Redio akamkemea. "Mlilie basi, mfuatane kaburini!" Kisha akamgeukia Shangazi. "Na Karani yuko wapi, fundi? Au gunia lako limekosa sindano?"

"Yuko ndani anakula."

"Baada ya yote yaliyomkuta mumeo?"

Shangazi akakata uzi kwa meno.

"Mume wangu nilimuuguza mimi. Nilimuosha na kumlisha kwa mkono huu unaouona. Wewe ulikuwa ukifika hapa unavuka, unapita upande wa pili wa barabara. Paka hakuvuka. Haya, gunia la nani linafuata?"

Pikapu ikaondoka imesheheni, mwenye nyumba akiisindikiza kwa macho getini. Haikufika mbali. Pale mwisho wa mtaa kuna matuta, na tuta la kwanza tu lilitosha. Tulisikia honi, kisha dereva akipiga kelele kama anaibiwa, kisha tukaanza kuwaona wakirudi: wengine juu ya ukuta, wengine mtaroni, mmoja katikati ya barabara kama mwenye kiwanja. Wa kwanza kufika alikuwa dume nono la manjano ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Likapita kati ya miguu ya mwenye nyumba na kukalia kiatu chake.

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakafuata.

Mwenye nyumba akalitikisa lile dume mguuni, akaja barazani na gunia tupu lililookotwa tutani.

"Fundi, wewe kazi yako tunaijua. Huu ni mshono gani?"

"Bandi."

"Bandi! Nani kakwambia bandi?"

"Bandi unaipiga kwenye kitu ambacho mwenyewe bado anaweza kubadili mawazo. Niliona mmekata kitambaa haraka mno."

"Wewe na paka wako mtoke. Leo hii."

Ndani mle kulikuwa na kitanda alichofia mumewe, na ukuta wenye alama ya kichwa chake pale alipozoea kuegemea. Nilijua angalau angeomba mwezi umalizike.

"Sawa," alisema Shangazi. "Lakini tutatoka mchana huu huu, kwa mlango wa mbele, na paka nimembeba. Watu waone mtu anavyohama na wa kwake."

Mama Pacha hakungoja kusikia zaidi. Alimnyanyua paka wake kutoka kizingitini, akaingia naye ndani, na wote tukasikia komeo likigonga. Mlango mwingine ukafungwa hivyo hivyo, halafu mwingine.

Dereva alikuwa amerudi, anakung'uta manyoya kwenye pikapu yake. Shangazi akamwita. Tukapakia kitanda, masufuria, na cherehani niliyoifunga kwa shuka. Kisha dereva akamwona Karani.

"Na huyo, mama?"

"Huyo anakaa mbele."

"Mimi naogopa, mama yangu."

"Basi kaa wewe nyuma na kitanda, nitaendesha mimi."

Hakuwa amewahi kushika usukani maishani mwake. Dereva alimtazama, akatazama watu madirishani, akafungua mlango wa mbele. Shangazi akaingia, akampakata Karani, akashusha kioo chote.

"Pita polepole," akamwambia.