Rumba ya Baba Mapacha

Fundi wa viyoyozi mwenye akili timamu haendi likizo wakati wa joto. Hiyo ndiyo miezi yake ya mavuno. Simu inalia tangu asubuhi na watu wanamwita kama wanavyomwita daktari. Lakini mwaka ule Baba Mapacha, aliyezoea kuiba wiki moja tu, alizima simu karibu wiki mbili, akafungia spana zake kabatini, akapanda ndege. Akili timamu angeitoa wapi? Mkewe alikuwa ameondoka nyumbani miezi mitano nyuma, bila ugomvi, bila hata sahani kuvunjika, akaenda kukaa kwa dada yake. Mapacha wenyewe walishakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake, kwa hiyo hata kisingizio cha watoto hakikuwepo.

Alibembeleza, akatuma shangazi, akatuma mchungaji. Mama Mapacha alimjibu mara moja tu. Kwenye dansi atakwenda kama kila mwaka, na siku ya mwisho watacheza rumba moja. Baada ya rumba hiyo atamwambia kama anarudi au harudi.

Dansi yenyewe ni hivi. Walikuwa kundi la marafiki waliocheza pamoja ujanani, kisha maisha yakawatawanya, huyu nchi hii, yule nchi ile. Kila mwaka shule zinapofungwa hukodi bweni moja la shule na ukumbi wake nchini kwa Kinyozi, rafiki yao mkubwa, wakacheza wiki nzima. Asubuhi wanajifunza, mchana wanacheza, jioni wanalalamika magoti.

Baba Mapacha aliwahi siku sita kabla, akafikia kwa Kinyozi, ghorofa ya nne, juu ya duka la dobi. Alitaka kufanya mazoezi na mke wa Kinyozi, ingawa moyoni hakuona kama anayahitaji. Katika mambo yote ya ndoa yake, la dansi ndilo lililokuwa halimpi wasiwasi. Ukumbini yeye ni simba, nani asiyejua?

Walisukuma kochi dirishani, redio ikawashwa, shemeji akamshika. Baba Mapacha akasimama. Shemeji akamuuliza mbona hasogei, akasema anasikiliza mapigo. Wimbo wa pili, anasikiliza mapigo. Wa tatu, shemeji akazima redio, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Shemeji, nikuambie kitu na usininunie. Wewe huongozi. Wewe unangoja kusukumwa."

Baba Mapacha akacheka. Miaka ishirini na miwili anamzungusha yule mwanamke, leo aambiwe haongozi?

"Yeye ndiye anakuzungusha wewe. Anakubonyeza begani kwa kidole gumba. Sote tunajua. Mwaka juzi nilimuuliza, akaniomba ninyamaze nisije nikakuaibisha."

Jamani, kuna ukweli unaomvua mtu nguo mchana kweupe. Alitoka akakaa kwenye ngazi, mkono begani, akitafuta pale pa kidole kama mtu anayetafuta jipu. Na mawazo yakaja, hayakubisha hodi. Nyumba wanayokaa, nani aliichagua? Mapacha wasome wapi, nani aliamua? Mama yake mzazi alipougua, nani alisema twende hospitali sasa hivi? Yeye kila mara alisema, "Wewe unaonaje?" na akaiita hiyo heshima. Majirani walimsifu kwa hilo, eti mume hana amri, mume mpole. Mpole! Mzigo wote alimtwisha mwenzake, halafu akapokea sifa za kutembea mikono mitupu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Siku zote zilizobaki alifanya mazoezi kama aliyerogwa. Alicheza na shemeji mpaka ukucha wa shemeji ukawa mweusi. Shemeji alipokataa alicheza na ufagio, na ufagio ulipochosha alicheza na Kinyozi, aliyevumilia kwa ajili ya urafiki akiomba tu wasifungue pazia. Siku ya mwisho ya mazoezi alikuwa anaanza mwenyewe, mguu wa kushoto, bila kusukumwa na mtu, toka kochini hadi mlangoni na kurudi. Alifurahi karibu alie.

Bwenini, Mama Mapacha alimsalimia vizuri, akaulizia presha ya mkwewe, basi. Wiki nzima alicheza na waume za watu. Baba Mapacha hakula, hakulala. Alikuwa akihesabu siku kama mfungwa, ila yeye aliogopa kuisha kwake.

Siku ikafika. Mizigo ilipangwa mlangoni, teksi zilingoja nje, rumba ikapigwa baada ya chakula cha mchana. Mkono wa mkewe ulikaa begani pake umetulia tuli, kidole gumba hakisemi kitu.

Akaanza mwenyewe. Mguu wa kushoto. Mama Mapacha akashtuka, akafuata. Wakapita katikati ya ukumbi, watu wakawapisha, na yeye ndiye anayempeleka, yeye! Mkewe akainua uso akamtazama, macho yamejaa machozi.

"Nani kakufundisha?" akamuuliza kwa sauti ndogo.

Hakumjibu, aliogopa kupoteza hesabu. Alisonga mbele tu, na mbele kukaisha. Sebuleni kwa Kinyozi ukifika mlangoni unarudi kinyumenyume ulikotoka. Hapa nyuma kulikuwa na jozi za watu zinakuja, mbele ukuta, kushoto viti vimepangwa hadi kifuani. Akakanyaga palepale. Akakanyaga tena. Mama Mapacha alimngoja. Alimngoja kwa huruma, hilo lazima lisemwe, alimngoja ubeti mzima, anamtaka aweze.

"Sasa tufanyeje, Mama Mapacha?"

Lilimtoka kabla hajalijua. Mkewe akafumba macho.

"Swali hilo hilo," akasema. "Kila siku, kila jambo, hilo hilo. Nimelijibu mpaka nimekwisha. Sirudi, baba. Nisamehe."

Akamwachia. Akasogeza viti mwenyewe, kimoja kimoja, akapata njia, akatoka.

Baba Mapacha alibaki mikono ikiwa bado imeinuliwa. Alitaka kumfuata. Kila mshipa mwilini ulitaka kumfuata, na maneno alikuwa nayo, alikuwa tayari kupiga magoti mbele ya madereva. Lakini alisimama pale anatazama nyuso za rafiki zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka Kinyozi akashindwa kuvumilia, akampigia kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi:

"Mfuate, bwana!"

Ndipo akakimbia. Alipofika nje, teksi ilikuwa imeshakata kona.