Moto wa Bani Siku ya Sabato

Mniko alikuwa na furaha ya kukera watu. Watoto wa wenzake pale Kehancha walijazana kwenye kibanda cha video kutazama Wachina wakirushiana mateke, ila binti yake Boke, wa miaka kumi na mmoja, alirudi kutoka makambi ya Wasabato kule Homa Bay akiimba mpaka kuku wakahama viota. Kila aliyemsalimia Mniko njiani alihadithiwa, hata wenye haraka.

"Umetushinda," jirani yake Nchagwa alimwambia. Nchagwa hakuwa na kanisa na hakulitafuta. "Sasa mwambie aniombee nipate mke wa pili."

"Aanze na yule wa kwanza arudi."

Shida ilitokea kwenye bani, kile kibanda cha udongo cha kukaushia tumbaku. Mniko hakuvuta tumbaku, Mungu amwepushe. Aliilima tu, na mzee wa kanisa akiulizwa habari hiyo hushikwa na kikohozi. Karo ya Boke ilitoka kwenye majani hayo. Na moto wa bani ukishawashwa hauzimwi mpaka majani yakauke hadi uti wake, kazi ya karibu wiki nzima. Ndiyo maana mkulima Msabato huuwasha Jumapili asubuhi, ili jua la Ijumaa likitua na Sabato kuanza awe amemaliza.

Wiki ile kuni zilinyeshewa. Ijumaa alasiri Mniko alichomoa jani moja, akalikunja. Uti ulipaswa kukatika. Ulipinda tu, laini kama mkia wa ndama. Moto ungezimwa hapo, mzigo wote ungekuwa mweusi, mnunuzi angeukataa, na Boke angekaa nyumbani.

Nchagwa alikuwa ameegemea ukuta wa bani akitafuna muwa. "Sasa mnahangaika nini? Mimi sina Sabato. Nendeni mkaombe, nitachochea mpaka kesho jioni. Mimi na Mungu wenu hata hatujuani."

Mniko nusura amkumbatie. Lakini Boke alikuwa amesimama pale na viatu vya kanisani mkononi, anavipiga rangi.

"Tata," alimwita baba yake, "yeye pia haruhusiwi."

"Nani?"

"Mzee Nchagwa. Amri ya nne inamtaja hata mgeni aliye malangoni mwako."

"Nchagwa si mgeni. Anakula ugali wetu tangu hujazaliwa."

"Basi ni wa nyumbani. Hiyo ni mbaya zaidi."

Nchagwa alicheka mpaka muwa ukamwanguka. "Huyu mpelekeni Nairobi akawe wakili."

Mniko hakucheka. Amri ile alimfundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, neno kwa neno, akimrudisha nyuma kila aliporuka moja.

"Bila moto huu huna shule, mwanangu."

Boke alitazama moshi. "Mungu hawezi kuyakausha?"

"Anaweza," Mniko alisema. Kisha, bila kumtazama Nchagwa, akasema, "Ongeza kuni."

Afadhali angelia. Boke alimalizia kiatu cha pili, akaingia ndani.

Kesho yake kanisani, darasa la watoto lilisimama mbele kukariri amri, kila mtoto yake. Boke alipewa ya nne. Alianza vizuri, kwa ile sauti iliyomfanya baba yake ajivune njia nzima kutoka Homa Bay. Akataja mwana, akataja binti, akataja mtumishi, akafika kwa mnyama. Aliyebaki alikuwa mgeni. Hapo akanyamaza.

"Endelea, mama," mwalimu Edith alimhimiza. "Si unaijua?"

"Nimesahau, mwalimu."

Akaketi. Watu walimpigia makofi hivyo hivyo, ni mtoto. Kwenye benchi la wanaume, Mniko alishika magoti yake. Alijua hakusahau. Alitaka kusimama, lakini asimame aseme nini, na mbele ya nani, wakati nguo zake zenyewe zilinuka moshi?

Walipokuwa wakirudi alijaribu kumtania kuhusu kwaya, hasa yule wa besi anayelala kati ya beti. Boke alitabasamu kwa adabu, kama anavyowatabasamia wageni. Walipokaribia nyumbani moshi ulionekana juu ya migomba, mnene, wa moto unaotunzwa. Mama yake alikuwa ametangulia na wanawake wengine. Boke alimsogelea baba yake, akashusha sauti.

"Kuni kavu zimetosha?"

"Sijui," Mniko alisema.

"Usijali, tata. Sitamwambia mtu."