Bahari Mkono wa Kulia

Katika kisiwa chao, mtu aliye hai akizunguka pwani huiweka bahari mkono wa kulia. Bahari ikiwa kushoto, hiyo ni njia ya maiti. Jeneza hutoka bandarini na kushika kipande kifupi cha njia mpaka makaburini, bahari kushoto, kisha waombolezaji hugeuka na kurudi salama. Ndiyo maana mwanamke akitaka kupeleka maua kwenye kaburi la mamaye, ambalo anaweza kuliona kutoka jikoni, huzunguka kisiwa kizima, akafika amechoka kuliko marehemu.

Luce alizunguka hivyo tangu ujana wake bila kunung'unika, mpaka siku mbwa aliporudi peke yake.

Mumewe, Frane, alikuwa ametoka asubuhi na mbwa wao Garo kwenda kuzunguka kisiwa. Daktari wa mjini Split alimwamuru atembee kwa ajili ya moyo wake, na Frane, ambaye hakuwahi kumtii mtu, alimtii daktari kwa sababu huko njiani hakuna mke. Kwa kawaida alirudi kabla supu haijachemka. Siku hiyo supu ilichemka mpaka ikakauka. Jugo, ule upepo wa kusini unaoleta mawimbi na ugomvi wa ndoa, ulianza kuvuma, na hakuna mashua iliyothubutu kutoka. Wanaume wakachukua kamba na machela, wakaenda kumtafuta. Bahari kulia, bila shaka.

Walipokwisha kupotea nyuma ya kilima, ndipo Luce alipoona mezani, kando ya kikombe cha kahawa, kichupa cha vidonge vya Frane, vile vya kuwekwa chini ya ulimi moyo ukibana. Akakitia mfukoni mwa aproni, akatoka mbio. Garo naye akatokea, amelowa chapachapa, akihema. Alitokea upande wa makaburi.

Perina, dada yake Frane, alikuwa amesimama pale njia inapoanzia, rozari mkononi.

"Wifi, umemwona mbwa?" Luce akauliza.

"Nimemwona."

"Basi kaka yako alikuwa karibu kumaliza mzunguko. Yuko hapo tu, nyuma ya makaburi!"

"Wanaume watamfikia."

"Watamfikia jioni! Wanazunguka kisiwa kizima. Wapigie simu!"

"Nimepiga mpaka kidole kimechoka. Kule nyuma simu haishiki."

Luce akakitikisa kichupa mbele ya pua yake. "Dawa yake ninayo mimi."

Perina akasogea katikati ya njia. Njia ilikuwa nyembamba na Perina alikuwa mpana. Hata mbuzi asingepata pa kupita.

"Hupiti. Ukimfuata mtu aliye hai kwa njia ya jeneza, unampelekea jeneza. Jerko alimfuata mkewe hivyohivyo, na kesho yake tukazika."

"Mke wa Jerko alikuwa na miaka tisini na sita!"

"Alikuwa na afya."

"Hakuwa na hata jino moja, wifi!"

"Afya haikai kwenye meno. Utaniulia kaka yangu."

Luce angecheka, lakini hakuweza. Yeye pia aliamini. Aliamini tangu alipobebwa mgongoni, na sasa imani ile ilimshika miguu yote miwili. Kwenda ni kumzika, kukaa ni kumzika. Akaitazama bahari, akamtazama wifi yake. Halafu akageuka, akayapa makaburi mgongo.

"Niambie. Bahari iko mkono gani?"

"Kulia," Perina akasema kwa mashaka.

"Basi nipishe."

Akaanza kwenda kinyumenyume. Perina akafungua mdomo, akakosa sala ya jambo hilo, akasogea.

Ni rahisi kumdanganya Mungu kwenye njia tambarare. Njia ile haikuwa tambarare. Luce alipapasa kila jiwe kwa kisigino, akishika vichaka vya rozimari vilivyomng'okea mkononi. Chini, mawimbi yaligonga mwamba na kumrushia chumvi shingoni. Jiwe moja liliteleza chini ya mguu wake. Alilisikia likianguka, kisha hakulisikia tena.

Alipofika pale mwamba ulipoimeza njia ikabaki upana wa kiatu, akasikia mluzi nyuma yake. Ulikuwa mluzi wa Frane, ule wa kuitia mbuzi, lakini umekatika katikati.

Kinyumenyume hapapitiki. Akianguka yeye, na vidonge vimeanguka. Luce akakumbatia mwamba, akageuka. Bahari ikaja kushoto, baridi, kama mtu aliyekuwa akimngoja.

"Nisamehe, Frane," akasema. "Ukifa nitakuzika. Usipokufa, nitakuua mwenyewe kwa vile uliacha dawa mezani."

Akapita. Akayavuka makaburi bila kutazama pembeni. Hata kaburi la mamaye hakulisalimia.

Frane alikuwa ameketi chini ya msonobari, mkono kifuani, midomo ya buluu. Alipomwona mkewe akitokea upande ule, macho yakamtoka.

"Ah. Kumbe nimeshakufa."

"Bado. Fungua mdomo."

"Umepitia wapi, mama watoto?"

"Nyanyua ulimi, Frane! Maisha yako yote hujanyamaza, nyamaza sasa!"

Kidonge kikaingia. Luce akaweka kiganja juu ya kifua kile, akasubiri. Upepo ulipiga, mti ukalia. Moyo ulikwenda, ukasita, ukaruka kama mbuzi aliyeona nyoka, ukasita tena. Kisha ukashika njia, polepole, pigo baada ya pigo, na rangi ikaanza kurudi midomoni.

Mawe yakagongana nyuma yao. Alikuwa Perina, blanketi begani, uso mbele kabisa, bahari kushoto.

"Nimekuja kuhakikisha humziki," akasema, akamfunika kaka yake mpaka kidevuni.

Wakakaa. Baada ya muda mrefu, sauti za wanaume zikaanza kusikika mbali, zikiliita jina la Frane kutoka upande ulio halali.

"Wifi," Perina akanong'ona, "tutawaambia tulipita wapi?"

"Tulizunguka kisiwa."

"Tukawatangulia? Na miguu yangu hii?"

"Tulikimbia."

Frane akaanza kucheka, ikamuuma, akaacha. Luce hakucheka. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya kifua cha mumewe, kikihesabu pigo baada ya pigo.